Mfereji kwanza, nyumba baadaye: ufundi wa Mohenjo-daro kwa viwanja vya Uganda

Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kikishapatikana, wengi huanza kuchimba msingi. Mfereji hukumbukwa mvua za Aprili zikiwa zimekwisha kuingia sebuleni, na hapo sakafu ya jirani iko juu, yako iko chini, na maji hayana pa kwenda.

Miji ya bonde la mto Indus, hasa Mohenjo-daro na Harappa katika Pakistani ya leo, ilistawi kati ya mwaka 2600 na 1900 KK. Haikuwa na saruji wala nondo. Hata hivyo bafu la nyumba lilimwaga maji kwenye kijifereji cha matofali, kijifereji kikamwaga kwenye mfereji wa mtaa, na mfereji huo ukafunikwa kwa matofali au mabamba ya mawe. Mpango kama huo hauwezekani pale ambapo kila mtu anajiamulia kimo cha sakafu yake. Kwa hiyo hapa tunaanza na mteremko, kisha tofali, kisha mfereji. Ukuta utasubiri.

Cha kuiga na cha kuacha

Iga mpangilio wao wa viwango, kipimo cha tofali, vishimo vya tope na vifuniko vinavyoinuliwa. Usiige ukubwa wa mifereji kwa maji ya mvua. Eneo la Mohenjo-daro siku hizi hupata mvua isiyofika mm 200 kwa mwaka, ilhali Kampala hupata zaidi ya mm 1,200, na nyingi hushuka kwa ngurumo ya saa moja. Mfereji wa matofali uliofunikwa utumike kwa maji ya kuogea, kufulia na jikoni tu. Maji ya paa na ya barabara yapewe mtaro wa wazi, upande wa pili wa njia. Ukiyachanganya, mvua moja kubwa itaujaza mfereji tope, nao utafurika ndani ya mabafu ya watu wa chini.

Choo nacho kisiunganishwe. Baadhi ya nyumba za Indus ziliunganisha vyoo na mifereji ya mtaa, lakini katika vitongoji vyetu vilivyo kando ya mabwawa ya mafunjo, ambako maji ya ardhini yako karibu, huko ni kualika kipindupindu. Choo kibaki na shimo lake au karo lake.

Kupima mteremko na kugawa mtaa

Tuchukue viwanja 12, safu mbili za viwanja 6, migongo ikitazamana. Kila kiwanja kina upana wa mita 15.2 na urefu wa mita 30.5. Barabara kuu za Mohenjo-daro zilifika upana wa mita 9 hadi 10, na milango mingi ya nyumba ilifunguka kwenye vichochoro vya pembeni, si kwenye barabara kuu. Kwetu duka lazima litazame barabara, hilo halina mjadala. Basi acha mbele iwe ya biashara, na mfereji uupitishe nyuma: kila mwenye kiwanja atoe mita 1.5 ya mgongo wake, upatikane kichochoro cha mita 3 chenye urefu wa mita 91. Makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi na wote kabla ya mtu yeyote kujenga, na mchoro upelekwe kwenye kamati ya mipango ya halmashauri, maana Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 inadai kibali kabla ya ujenzi. Kichochoro kisichoandikwa huliwa na jiko la mtu ndani ya miaka miwili.

Piga kigingi kila mita 15.2, yaani kila mpaka wa kiwanja. Chukua mpira wa maji unaopitisha mwanga, wa mita 20, ujaze maji mpaka mapovu yote yatoke, kisha hamisha usawa wa kigingi cha kwanza kwenda cha pili, cha tatu, mpaka mwisho. Povu moja ndani ya mpira linatosha kukudanganya sentimita 2 au 3, kwa hiyo ukimaliza rudi ukipima kinyumenyume. Pembe mraba za viwanja zipatikane kwa kamba iliyovutwa pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5.

Mfereji wa kichochoro ushuke sm 1 kwa kila mita, kijifereji cha nyumba sm 2. Katika kichochoro chetu hiyo ni sm 91 kutoka kichwa hadi mwisho. Ikiwa ardhi ni tambarare kama zilivyo sehemu nyingi za bondeni, mwisho wa mfereji utazama mno. Hapo shuka hadi nusu sentimita kwa mita na ukubali kuusafisha mara mbili zaidi. Ikiwa ardhi inashuka zaidi ya sm 5 kwa mita, kama mlimani, usiufuate mteremko wa ardhi. Maji yaendayo kasi hula viungo vya matofali. Jenga mfereji kwa ngazi: kipande kinachoshuka sm 1 au 2 kwa mita, kisha maji yaanguke ndani ya kishimo cha tope, kisha kipande kingine.

Sasa ndipo kimo cha sakafu kinapojulikana. Sakafu ya mfereji wetu iko sm 47 chini ya uso wa kichochoro. Kijifereji cha nyumba kiingie sm 15 juu ya sakafu hiyo, ili maji ya mfereji yasirudi nyumbani. Bafu likiwa mita 20 kutoka kichochoroni, mteremko utakula sm 40. Ukijumlisha na kina cha kijifereji chenyewe, sakafu ya bafu inapaswa kuwa angalau sm 25 juu ya uso wa kichochoro. Nambari hiyo mpe fundi kabla hajagusa jembe. Ikiwa kiwanja kiko chini ya hapo, inua jukwaa la udongo ulioshindiliwa, tabaka za sm 15 kila moja, ukinyunyizia maji kidogo. Watu wa Mohenjo-daro waliinua sehemu kubwa za mji wao juu ya majukwaa ya namna hiyo, ya udongo na matofali mabichi, kwa kuwa mto ulikuwa ukifurika.

Tofali moja kwa kazi zote

Tofali la kawaida la nyumba za Indus lilikuwa karibu sm 7 kwa 14 kwa 28: kimo mara moja, upana mara mbili, urefu mara nne. Uwiano huo huo ulitumika katika miji iliyo mbali mno, hata kwa matofali makubwa ya kuta za mji, sm 10 kwa 20 kwa 40. Faida yake ni kwamba vichwa viwili vya tofali, yaani pande zake fupi, hufunika urefu wa tofali moja, hivyo kozi (safu za matofali) zinafungana bila kukatakata vipande.

Kuna mtego hapa. Vichwa viwili vya sm 14 pamoja na kiungo cha sm 1 ni sm 29, si 28. Kwa kiungo chetu cha sentimita nzima, tofali lililokamilika liwe sm 28 kwa 13.5 kwa 7. Sasa 13.5 na 1 na 13.5 inakuwa 28 kamili.

Hizo ni sentimita za tofali lililokwisha kuchomwa, na udongo husinyaa. Finyanga kipande cha mkate wa udongo, chora juu yake mstari wa mm 100, kikaushe, kichome, kisha upime tena. Mstari ukibaki mm 90, gawanya kila kipimo kwa 0.9: kalibu, yaani kisanduku cha kufyatulia, iwe ndani sm 31.1 kwa 15 kwa 7.8. Ukibaki mm 93, gawanya kwa 0.93. Usiazime kalibu ya jirani anayechimba udongo mahali pengine, hata kama ni ya mbao nzuri. Udongo unaosinyaa zaidi ya sehemu moja ya kumi utapasuka. Uongeze mchanga, ndoo moja kwa ndoo nne, na urudie jaribio. Udongo wa bondeni usichimbwe bila kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na shimo lisiachwe wazi likawa bwawa la mbu.

Anika matofali kivulini siku 3 za kwanza yakilala, kisha yasimamishe kwa ubavu siku 7 hadi 14 chini ya nyasi. Jua kali la moja kwa moja hukausha ngozi kabla ya moyo, na ufa hufuata. Tanuruni, siku nzima ya kwanza moto uwe mdogo, mpaka mvuke mweupe uishe juu. Anayeharakisha hapa hupata matofali yaliyopasuka tumboni ingawa usoni ni mekundu na mazuri. Kisha ongeza moto, ziba midomo kwa udongo, na uache tanuru lipoe siku 5 au zaidi.

Kuchoma kunakula miti, na mkaratusi si wa bure. Hapa Kalibangan, mji mwingine wa ustaarabu huo ulioko Rajasthan, India, unafundisha vizuri kuliko Mohenjo-daro yenyewe. Nyumba zake nyingi zilikuwa za matofali mabichi yaliyokaushwa kwa jua. Ya kuchoma yaliwekwa kwenye mifereji, visima na sakafu za kuogea. Mahali panapoguswa na maji, tofali la kuchoma. Mahali pakavu, tofali bichi. Anayechoma matofali 12,000 kwa nyumba nzima kisha akamwaga maji kwenye handaki la udongo amechoma matofali mahali pasipoyahitaji.

Yakitoka tanuruni yapange mafungu matatu. Gonga mawili pamoja: yanayolia kama chuma ni ya mfereji. Yanayolia kwa sauti ya mbao ni ya ukuta. Yaliyofifia rangi, yanayokwaruzika kwa ukucha, ni ya kuta za ndani. Fungu la mfereji lijaribiwe zaidi: tofali la kilo 4.5 likilala majini siku nzima lisipite kilo 5.2. Likipita hapo lirudishe kwenye fungu la pili. Kwa kupima uimara wa tofali lililochomwa sawasawa, kumbuka kwamba katika karne ya 19 wajenzi wa reli ya Lahore hadi Multan walichukua matofali ya magofu ya Harappa wakayamwaga chini ya reli kwa karibu kilomita 160. Yalikuwa na umri wa miaka 4,000 na yakabeba treni. Kwa mji wenyewe ulikuwa msiba.

Mfereji wa kichochoro

Upana wa ndani ni sm 30. Maji ya kuogea ya nyumba 12 hayahitaji nafasi hiyo. Inayoihitaji ni koleo. Mfereji usioingia koleo hausafishwi.

Chimba handaki la upana wa sm 80 na kina cha sm 60. Anza upande wa chini, uende ukipanda, ili maji ya mvua yakikukuta kazini yapate njia ya kutoka. Tandika mchanga au changarawe ya murram sm 5, shindilia, na hakiki mteremko kwa kamba kabla ya tofali la kwanza.

Sakafu ni matofali mawili yaliyolazwa kukingama njia: 28, kiungo 1, na 28 inakuwa sm 57, ambayo ni upana wa ndani pamoja na kuta zake mbili. Juu yake inua kozi 4 kila upande, matofali yakilala kwa urefu wake. Kozi ya tano igeuze matofali: kichwa kitazame ndani na kichomoze sm 6 kutoka kila upande. Nafasi ya sm 30 sasa imebaki sm 18. Funika kwa tofali la sm 28 lililokingama, ambalo litakalia sm 5 kila upande. Kuchomoza hatua kwa hatua hivi ndiyo njia waliyotumia pale walipotaka kufunika mfereji mpana, maana hawakuutumia mviringo wa tao kama tunaoujua. Mfereji mkubwa wa kutolea maji wa Bafu Kuu la Mohenjo-daro ulifunikwa hivyo hivyo.

Jaza na kushindilia udongo nyuma ya kuta kabla ya kuweka kozi inayochomoza, na nyuma yake tena kabla ya kifuniko. Uzito wa udongo mgongoni ndio unaoizuia isibinukie ndani. Fundi akichomoza zaidi ya sm 7, itaanguka siku hiyo hiyo.

Mchanganyiko wa kujengea uwe saruji 1 kwa mchanga 4, au chokaa ya mawe, kama inayochomwa Kasese, 1 kwa mchanga 3. Udongo wa kichuguu hufunga vizuri kuta zilizo kavu, lakini ndani ya mfereji utayeyuka msimu wa kwanza. Matofali yaloweshwe kabla ya kujengea. Yakiwa makavu hunyonya maji ya mchanganyiko, na kiungo hubaki unga.

Vifuniko visiwekewe saruji. Havijengewi, hukalishwa tu, na viungo huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Watu na boda boda wanaweza kupita juu yake. Lori la mchanga haliwezi, kwa hiyo mahali gari linapovuka weka bamba la zege lenye nondo.

Kila mpaka wa kiwanja weka kishimo cha tope: sm 60 kwa 60 ndani, sakafu yake sm 40 chini ya sakafu ya mfereji, mdomo wa kutokea sm 3 chini ya ule wa kuingilia. Mchanga, majivu na punje za wali hutua humo badala ya kutua njiani. Kichochoro chetu kinahitaji 7. Kwa hesabu: matofali 64 kwa kila mita ya mfereji, weka 70 kwa ajili ya yatakayovunjika, mita 91 ni 6,370. Kila kishimo matofali 120, jumla 840. Yote ni 7,210, ambayo kwa viwanja 12 ni kama 600 kila mmoja. Nyumba moja ikikataa kuchanga, mjengeeni sehemu yake, kisha mdaini. Pengo la mita 15 katikati ya mfereji linaharibu mita 76 zilizobaki.

Kijifereji cha nyumba kina upana wa ndani wa sm 15, kozi 2 tu, na kifuniko cha tofali moja lililokingama. Kisipite chini ya chumba cha kulala.

Mwisho wa mfereji

Usiumwage bondeni moja kwa moja. Kwanza jaribu ardhi: chimba tundu la sm 30 kila upande, lijaze maji na uliache usiku kucha. Asubuhi weka maji ya kina cha sm 15. Yakishuka chini ya sm 2.5 kwa saa nzima, shimo la kunyonyea halitafanya kazi hapo. Yakishuka zaidi, chimba mashimo mawili au matatu yenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 2, yajengewe matofali bila saruji viungoni, kitako kikiwa mita 1.5 au zaidi juu ya maji ya ardhini wakati wa masika. Udongo ukilegea, shikiza kingo kwa mbao kabla mtu hajaingia ndani.

Pale ardhi isipopitisha, gawa maji kwenye makingo ya migomba. Chimba mtaro wa kina cha sm 50, ujaze nyasi na maganda ya matoke, panda migomba kando. Migomba hunywa sana na haichagui maji ya sabuni ya kawaida. Matokeo ya mavuno huonekana kabla ya mwaka kuisha.

Sakafu ya bafu

Bafu Kuu lilikuwa na urefu wa karibu mita 12, upana wa 7 na kina cha mita 2.4. Matofali yake yalisimamishwa kwa ubavu na kubanwa kwa jasi, na nyuma ya ukuta likapakwa tabaka la lami. Kwa bafu la nyumbani la mita 1 kwa 1.2, chukua matofali 58 ya fungu la kwanza. Sugua nyuso zake kwa tofali jingine, mchanga na maji, mpaka yakikaa pamoja kiungo kisizidi mm 3. Yasimamishe kwa ubavu juu ya murram iliyoshindiliwa, yakiinamia kona moja kwa sm 3, na uzungushie ukingo wa kozi moja. Jasi usiitumie, kwa sababu huyeyuka polepole majini. Tumia saruji laini, na nyuma ya ukingo paka lami au tandika kaveera (karatasi ya plastiki) nzito. Kosa la kawaida ni kuinamisha sakafu kuelekea mlangoni kwa kuwa ndiko fundi alikokuwa amesimama.

Kisima

Mohenjo-daro inakadiriwa kuwa ilikuwa na visima kama 700, vingi ndani ya nyumba, vyenye matofali ya umbo la kabari. Kwa kisima cha upana wa ndani wa mita 1, tofali liwe na urefu wa sm 28, upana sm 13.5 upande wa nje na 8.5 upande wa ndani. Duara moja ni matofali 35, na mita moja ya kwenda chini ni 467. Ardhi ikisukuma, kabari zinakazana zaidi. Kisima kikae mita 30 au zaidi kutoka choo chochote na shimo la kunyonyea, upande wa juu wa mteremko.

Ukuta

Ukuta wa unene wa sm 28 unakula matofali 86 kwa mita mraba. Kozi moja vichwa, inayofuata ya kulaza kwa urefu. Harappa walijenga hivyo. Kozi 3 za chini ziwe za kuchoma, juu yake kaveera nzito, ndipo matofali mabichi yaanze. Paa litokeze sm 60 nje. Ukiona unga mweupe chini ya ukuta, ni chumvi inayopandishwa na unyevu; ikikauka hugeuka chembe ngumu na kumenya uso wa tofali. Ndiyo inayoila Mohenjo-daro leo. Kuupiga plasta ya saruji ukuta huo ni kuifungia chumvi ndani. Tafuta unyevu unatoka wapi, mara nyingi ni kijifereji kinachovuja karibu na msingi.

Vishimo vya tope visafishwe kila wiki mbili, zamu ikifuata namba za viwanja. Mfereji mzima ufunuliwe mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Agosti. Kaskazini, Gulu na Kitgum, mara moja mwezi wa Machi. Kabla ya kuinua vifuniko viandike namba kwa mkaa, na vinavyorudi vianzie upande wa juu. Tope likae kichochoroni siku mbili likauke, kisha lipelekwe kwenye migomba, mbali na mboga zinazoliwa mbichi.